Deni la Leo

Mkristo aishi vipi siku yake moja ili isipotee bure? Katika Hai Malakal, mtaa ninaoishi hapa Juba, swali hili si la darasani tu. Mtaa wetu una makaburi ya zamani, na katikati yake wamejenga watu waliofukuzwa kwao na vita wakakosa ardhi nyingine. Watoto hucheza hapo, akina mama huanika nguo, chakula hupikwa hatua chache kutoka kwenye misalaba. Anayeishi hivyo hahitaji mhubiri wa kumkumbusha kwamba siku zake zina hesabu.

Hata hivyo wahubiri humkumbusha, na jibu ninalolisikia mara nyingi ni kuijaza siku: sala ya alfajiri, ushirika wa jioni, mkesha wa Ijumaa, na katikati kulihubiri Neno sokoni Konyokonyo. Siyapingi hayo, mimi mwenyewe ni mwanakwaya. Lakini jibu hilo linaipima siku kwa wingi wa shughuli, kama mtu anayepima shamba kwa idadi ya majembe.

Nikisoma Biblia naona siku imepewa kipimo kingine, nacho ni machweo. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inataka kibarua alipwe siku ileile, jua likiwa bado juu, kwa kuwa ni maskini na ujira huo ndio tegemeo lake. Kutoka sura ya 22 inamtaka aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla ya usiku, maana hana kingine cha kujifunika. Paulo naye, akiwaandikia Waefeso, anaiwekea hasira mpaka uleule. Katika mambo hayo matatu, hakuna hata moja linalomhusu mtu na Mungu wake peke yao. Yote ni madeni kwa jirani, na mwisho wa kuyalipa ni jioni.

Sasa tuje nyumbani. Nyumba nyingi hapa huletewa maji na matanka au na vijana wa baiskeli zenye madumu. Kijana akimaliza kumimina, mara nyingi huambiwa neno moja la Kiarabu cha Juba: bukra. Yaani kesho. Huenda anayesema hivyo anawahi ibada. Kwake yeye bukra ni siku moja tu. Kwa kijana ni usiku wa watoto wasiokula, kwa sababu alichochuma leo ndicho kinacholiwa leo. Siku ya tajiri ni ndefu kuliko ya maskini, na naona Sheria iliamua kutumia saa ya maskini. (Februari 1, 2021 serikali ilirudisha saa zetu nyuma kwa saa moja, tukaacha kwenda sawa na Nairobi. Jua la Juba halikujali.)

Utaniuliza: na mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa kwa miezi, atalipaje kabla ya jioni? Ni swali la haki, na watumishi wa umma katika nchi hii wanalijua vizuri. Sidhani Mungu anadai pesa mahali pasipo na pesa. Lakini mwalimu anaweza kumwambia kijana kabla dumu halijafunguliwa kwamba leo hana kitu, kijana akachague mwenyewe. Kumficha ndiko kunakomwibia siku yake.

Hasira ni ngumu zaidi. Desemba 15, 2013 vita vilianza hapahapa Juba, na Wakristo walikuwa pande zote mbili. Aprili 11, 2019, huko Vatikani, Papa Francis aliinama akabusu miguu ya viongozi wetu, akiwasihi wadumishe amani. Wapo wanaosema: basi samehe leo, yaishe. Hapo mambo mawili yanachanganywa. Paulo anamtaka mwenye hasira asilale nayo; hampi mkosaji ruhusa ya kusema muda wa kudaiwa umepita. Mama aliyempoteza mwanawe anaweza leo hii kukataa kumchukia jirani wa kabila jingine, na kesho kukicha bado akadai aambiwe mwanawe alizikwa wapi. La kwanza ni deni lake. La pili anadai yeye, na wanaodaiwa wanamjibu bukra: mahakama ya kesi za vita iliyoahidiwa katika mkataba wa 2015, na tena katika ule wa 2018, haijaundwa.

Rafiki yangu mmoja tunayesoma naye anasema hoja yangu inaigeuza imani kuwa daftari la duka. Labda. Namjibu kwamba daftari la duka angalau lina jina la mtu na kiasi anachodaiwa, ilhali tunaweza kusema mwaka mzima kwamba tunamtumikia Mungu kila siku bila kutaja jina la jirani hata mmoja. Hatujakubaliana. Juzi alinikatiza katikati ya sentensi. Baiskeli ya maji ilikuwa imefika kwao, naye akaanza kuuliza nyumba nzima nani ana pesa ndogondogo.