Mifupa Mepesi na Hofu ya Mzazi

Wako watoto, yapata mmoja katika kila 15,000 au 20,000 wazaliwao, ambao mifupa yao huvunjika kwa sababu ndogo mno: kujikwaa kizingitini, kugeuka kitandani, pengine kuvutwa mkono tu wakati wa kuvikwa shati. Madaktari huuita ugonjwa huo osteojenesisi imperfekta. Mfupa wa binadamu wafanana na ukuta wa nyumba ya udongo: madini ndiyo udongo, na protini iitwayo kolajeni ndiyo fito. Kwa watoto hawa fito ni chache, au zina kasoro tangu tumboni. Si kosa la mama, wala si mkono wa jirani.

Leo twataka kulitazama swali ambalo wazazi wa mtoto wa namna hii hujiuliza usiku. Je, yafaa aruhusiwe kucheza na kufanya mazoezi? Baba aliyekwisha kuusikia mfupa wa mwanawe ukivunjika mara tatu, akaamua kwamba tangu sasa mtoto akae juu ya godoro, ni nani awezaye kumwita mkatili?

Hata hivyo mfupa una tabia yake. Hujengeka kwa kubebeshwa mzigo, na usipobebeshwa hupungua. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 jinsi mfupa ujigeuzavyo kulingana na uzito uubebao. Na katika siku zetu wanaanga, watu wazima wenye afya njema, hupoteza yapata asilimia 1 ya uzito wa mifupa ya nyonga kwa kila mwezi wakaao angani. Basi mtoto awekwaye godoroni ili asalimike hupungukiwa hata na kile kidogo alichonacho; misuli nayo hunyauka, na siku ainuliwapo huvunjika upesi kuliko jana.

Ndiyo maana wataalamu wa ugonjwa huu huagiza mazoezi: kuogelea na kutembea majini, kwa kuwa maji huupokea uzito wa mwili, kuketi bila kuegemezwa, kusimama kwa vishikio, kutembea kadiri awezavyo. Kurukaruka, mieleka na mpira wa kusukumana, hapana. Mtoto mchanga naye asiinuliwe kwa vifundo vya miguu wakati wa kubadilishwa nepi. Kiganja kipitishwe chini ya makalio. Hata dawa za kuimarisha mifupa, ambazo watoto hawa wamepewa zaidi tangu miaka ya 1990, hazikuondoa haja ya kujongea.

Lakini mzazi atajibu: “Nikimruhusu, akavunjika, basi nimemvunja mimi.” Hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo uchungu huyachanganya, yaani kuwa sababu ya jambo, na kuwa na hatia kwalo. Mama amshikaye mwanawe majini kama alivyofundishwa, mfupa ukavunjika, hakutaka ubaya, wala hakuutumia ubaya kama njia ya kupata jema. Aliipima hatari, akaikubali kwa ajili ya faida iliyo kubwa kuliko hiyo. Atalia, naam, na machozi yake ni ya haki, ila asijihukumu. Yule baba wa godoro naye alitaka jema. Tofauti ni kwamba madhara yake hayana mlio. Mwaka wapita, mtoto hapigi kelele, na nyumba nzima yadhani ya kuwa amelindwa.

Tena mtoto wa miaka minane ana kinywa. Ajua vema kuliko sisi ni mguu upi unaochoka na ni mchezo upi unaomtisha. Mara nyingi huulizwa mwisho, kama huulizwa.

Nasi tusidanganyane: mfupa huenda ukavunjika tena, hata mazoezi yakifanywa kwa uangalifu wote. Siku hiyo mama yule atahitaji jirani wa kubaki na watoto wengine wakati yeye yupo hospitali. Wa kumwuliza kwa nini alimruhusu watakuwapo tele.