Nani Atafuata?

Mwanzoni mwa Januari 2025, baada ya ibada ya Jumapili, tulikuwa tumeketi barazani pa kanisa tukingoja mvua ipungue. Habari ya siku zile ilikuwa kifo cha Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliyefariki tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 100. Maongezi yalianza kwa heshima. Mmoja wetu alikumbusha kwamba mzee yule aliendelea kufundisha Biblia siku za Jumapili katika mji wake mdogo hata baada ya kupita miaka tisini. Kisha, bila kujua tumefikaje, tukawa tunataja majina ya wazee wengine mashuhuri: wachezaji wa sinema, waimbaji, wafalme. Nani atafuata? Kila mmoja alikuwa na mtu wake. Tulicheka. Ndipo mama mmoja mzee wa Umoja wa Akina Mama, aliyekuwa ameketi pembeni na fimbo yake, akauliza kwa upole, "Na mimi, wanangu, mmeniweka wa ngapi?"

Hatukuwa na jibu. Mmoja alisema, "Aa, mama, wewe bado upo sana," na wengine tukatazama mvua. Lakini swali lile halikututoka moyoni, na ndilo lililotufanya tuandike haya. Je, ni kosa kubahatisha kifo cha mtu? Na kama ni kosa, kosa hasa liko wapi?

Jambo hili si geni, wala si la kwetu peke yetu. Huko Uingereza na Marekani limekuwa mchezo wenye kanuni zake. Mwaka unapoanza, kila mchezaji huandika orodha ya watu mashuhuri ambao anadhani watakufa kabla mwaka haujaisha. Katika michezo mingi ya namna hii alama huhesabiwa kwa kutoa umri wa marehemu katika 100. Aliyemtaja mzee wa miaka 95 hupata alama 5. Aliyemtaja kijana wa miaka 30 hupata alama 70. Tazameni maana yake, ndugu wasomaji. Kadiri kifo kinavyozidi kuwa cha huzuni, ndivyo mchezaji anavyozidi kufaidika. Mama analia zaidi, na mtu asiyemjua anashangilia zaidi.

Watu wa zamani nao walikuwa na mambo haya. Katika mji wa Roma watu walizoea kuweka dau juu ya nani atachaguliwa Papa, na juu ya muda gani Papa aliyeko atakaa katika kiti chake, yaani lini atakufa. Mwaka 1591 Papa Gregory wa Kumi na Nne alipiga marufuku dau hizo, na adhabu aliyoiweka ni kutengwa na Kanisa. Alikuwa na sababu ya kulitazama jambo hilo kwa makini, kwa kuwa kati ya Agosti 1590 na Desemba 1591 walifariki Mapapa wanne, na yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Mmoja wa hao wanne hakumaliza hata wiki mbili tangu kuchaguliwa. Wenye kuweka dau, basi, hawakukosa kazi.

Mjini London, katika karne ya 18, kamari hiyo ilivaa nguo ya bima. Mtu aliweza kwenda kwa wafanyabiashara wa bima akalipa fedha kidogo juu ya maisha ya mtu mkubwa asiyemhusu hata kidogo. Mkubwa yule akifa, mlipaji alipata fedha nyingi. Mfalme George wa Pili alipokuwa vitani Ujerumani mwaka 1743, wako waliopinga dau kama atarudi hai au hatarudi. Mwisho Bunge lilichoka, na mwaka 1774 likapitisha sheria ya kukomesha mchezo huo. Sheria ile bado imo katika vitabu vya Uingereza hata leo.

Tunapenda tukae kidogo na sheria hiyo, maana ina hekima kuliko tulivyotazamia. Haikukataza bima ya maisha. Mume aliweza kuweka bima juu ya maisha ya mkewe, na mke juu ya maisha ya mumewe. Mtu aliyekopesha fedha aliweza kuweka bima juu ya maisha ya mdeni wake. Kilichokatazwa ni mtu kujiwekea faida katika kifo cha mwingine huku yeye hana chochote katika uhai wake. Kwa maneno mengine, sheria iliuliza swali moja: Huyu akifa, wewe utapungukiwa na nini? Kama utapungukiwa, una haki ya kufikiri juu ya kifo chake na kujitayarisha. Kama hutapungukiwa na kitu, bali utaongezewa tu, ondoka.

Sisi twaona kwamba swali hilo linatufaa hata pasipo na fedha. Liko wazi kuliko maneno mengi tuliyowahi kusikia juu ya jambo hili.

Labda mtu atasema, "Basi tusiongee kabisa habari za kifo." Hapana, hatusemi hivyo. Wako watu wengi ambao yawapasa kutazamia kifo cha mwingine, nao hawakosi. Daktari hutazamia. Muuguzi hutazamia, akamwita mtoto wa mgonjwa aje kabla ya usiku. Mzee mwenye busara huandika wosia. Hata kanisa letu, katika Litania, limeomba kwa karne nyingi tuepushwe na kifo cha ghafula. Na nani awezaye kuomba hivyo bila kukitazama kifo? Watu hawa wote hutaja kifo ili wamtumikie mtu aliye hai. Mwenye orodha humtaja aliye hai ili kifo chake kije kimtumikie yeye.

Labda mwingine atasema, "Lakini mtu yule mashuhuri yuko mbali. Hatujui. Hapungukiwi na kitu tukimtaja." Hili ni neno la maana, na hatutaki kulipuuza. Ni kweli kwamba maneno yetu ya barazani hayafupishi maisha ya mtu hata kwa saa moja. Wala hatuamini kwamba kumtaja mtu ni kumroga. Lakini kosa lingine halimdhuru anayetajwa, humdhuru anayetaja. Mtu akiisha kumchagua mwenzake, akingoja, moyo wake hugeuka kidogo kidogo. Akisikia kwamba yule mzee amelazwa hospitali, husimamisha masikio. Akisikia kwamba amepona, huona kama ameibiwa. Hapo ndipo pa kujipima. Habari ikija kwamba fulani hakufa, ni mzima, je, tunafurahi au tunasikitika? Tukisikitika, hata kwa mzaha, basi tumekwisha kusimama mahali pasipotupasa.

Tena, mazoea hayakai mbali. Tulianza na wafalme na wachezaji wa sinema, na katika muda wa robo saa mama yetu akajiona naye yumo katika hesabu. Hatukumtaja. Lakini alielewa, kuliko sisi, kwamba macho yanayowapima wazee wa Marekani ni macho yale yale yanayomwona yeye akipanda ngazi za kanisa polepole.

Wazee wetu husema, aliye juu mngoje chini. Ni methali ya kuwaonya wenye kiburi, na ya kuwatuliza wanyonge wasikate tamaa. Lakini twashuku kwamba wengi wetu tumeitumia vibaya. Mtu mashuhuri ametupita kwa fedha, kwa sura, kwa jina. Tunamngoja chini, na chini kabisa ni kaburini. Huenda kicheko chetu kilikuwa na wivu ndani yake kuliko tulivyokiri.

Na zaidi ya hayo, sisi wabahatishaji ni wabahatishaji wabaya. Jimmy Carter alianza kutunzwa nyumbani kama mgonjwa wa mwisho mwezi Februari 2023, na dunia nzima ikangoja habari leo au kesho. Aliishi karibu miaka miwili zaidi. Mkewe Rosalynn alifariki kabla yake, tarehe 19 Novemba 2023, naye mzee akapelekwa katika kiti cha magurudumu kumzika. Mchezaji wa sinema Abe Vigoda aliandikwa kuwa marehemu na gazeti moja la Marekani mwaka 1982. Alipiga picha ameketi ndani ya jeneza, amelishika gazeti lenyewe, kisha akaishi mpaka Januari 2016. Mwezi Juni 1998 kifo cha mchekeshaji Bob Hope kilitangazwa hata katika Bunge la Marekani, naye yu hai nyumbani kwake. Alifariki mwaka 2003, amekwisha kutimiza miaka 100.

Magazeti makubwa huandaa habari za maisha ya watu mashuhuri mapema, ili siku ikifika zisichelewe. Hiyo ni kazi halali. Lakini sikilizeni jambo hili. Elizabeth Taylor alipofariki tarehe 23 Machi 2011, habari ya maisha yake iliyotoka katika New York Times ilikuwa imeandikwa na Mel Gussow. Na Mel Gussow mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2005. Mwandishi aliweka kalamu chini, akatangulia, na yule aliyeandikiwa akaishi karibu miaka sita baada yake. Twasema haya bila kumcheka. Alifanya kazi yake vizuri. Twasema tu kwamba katika kila orodha ya watakaokufa kuna jina moja ambalo halijaandikwa, nalo ni la mwenye kalamu.

Tena wako wasemao kwamba watu mashuhuri hufa watatu watatu. Mwezi Juni 2009 walikufa Ed McMahon tarehe 23, na Farrah Fawcett na Michael Jackson siku moja, tarehe 25. Watu wakasema, "Mmeona?" Lakini David Carradine alikuwa amekufa mwezi ule ule tarehe 3, na Karl Malden akafa tarehe 1 Julai. Hao hawakuhesabiwa kwa sababu hesabu ilikuwa imekwisha kutosha. Watu mashuhuri ni wengi siku hizi, sinema na televisheni zimewaongeza, na karibu kila wiki mmoja wao hufariki. Anayetaka watatu atawapata. Ataanza kuhesabu anapopenda na ataacha anapopenda. Kifo hakina mafungu ya tatu tatu. Sisi ndio tunaotaka kukifunga kamba ili tujue kimesimama wapi, na hasa ili tuhakikishe hakijasimama mlangoni petu.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hawakusema, mwenzako akinyolewa, kisia ni nani atanyolewa baada yake.

Jumapili iliyofuata tulimwendea yule mama kumwomba radhi. Alicheka, akasema hakukasirika. Alituambia kwamba sanda yake iko tayari sandukuni, na watoto wake wanajua nyimbo anazotaka ziimbwe. "Kufa siogopi," alisema. "Lakini sipendi kuhesabiwa. Mkitaka kujua habari zangu, njoni mnisalimu." Kumbe tulikuwa hatujafika nyumbani kwake tangu Pasaka.

Hilo ndilo tulilobaki nalo. Tukisikia kwamba mtu mkubwa wa mbali amefariki, tunyamaze kidogo, tumwombee yeye na jamaa zake, kisha tuulize si nani atafuata, bali nani tulimwacha. Katika mtaa wetu wako wazee ambao tungepungukiwa sana wakiondoka. Hao ndio tulio na haki ya kuwafikiria. Tuwaendee wangali wanatusikia.