Darsa la Leo: Hakuna Aliyeona

Hebu leo tutazame gofu, mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi.

Kule Marekani, chini ya ligi kuu ya PGA Tour ipo ligi ya daraja la pili, Korn Ferry Tour. Msimu mzima mchezaji anazunguka mji hadi mji, nauli na malazi juu yake. Baada ya siku mbili za shindano kuna mchujo. Ukitolewa, unaondoka bila malipo. Na mara nyingi refa hayupo karibu. Ukikosea, unajihesabia adhabu mwenyewe.

Mwaka 2008, J.P. Hayes alikuwa anawania kadi ya kucheza ligi kuu msimu unaofuata. Usiku, akiwa hotelini, akagundua kwamba kwenye shimo moja huenda alitumia mpira usioidhinishwa. Hakuna mwingine aliyejua. Akapiga simu, akajitaja, akaondolewa. Nafasi ikapotea.

Je, alikuwa mjinga? Wengi tungemwambia, "Nyamaza tu, Mungu anajua." Naam, ndiyo hoja yenyewe: Mungu anajua.

Wewe umefunga. Ungeweza kunywa maji bafuni ukatoka umefuta midomo. Hunywi. Basi mbona funga ya koo tunaiweza, ya mizani dukani na risiti za kazini inatushinda? Ukweli usiokugharimu kitu bado haujapimwa.

Leo kabla ya futari, rudisha haki moja ambayo hakuna aliyekuona ukiichukua.

Allah atutakabalie. Amin.