Kisima Kilikuwa Karibu



Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Hagari. Alifukuzwa nyumbani mwa Abrahamu, akatangatanga jangwani pamoja na mwanawe. Maji ya kiriba yalipokwisha, alimlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali ili asimwone akifa. Lakini Mungu aliisikia sauti ya mtoto. Malaika alimwagiza mama asimame, amwinue mwanawe. Ndipo Mungu akamfumbua macho, akaona kisima. Maandiko hayasemi kwamba kisima kilichimbwa saa ile. Yasema kwamba macho yalifumbuliwa.

Katika miji na vijiji vyetu vya Kongo wako akina Hagari wengi wenye miaka 15 au 16. Binti amezaa angali mwanafunzi. Mwenye mimba amekana. Baba hasemi naye tena. Kisima chake ni kituo cha afya, siku ya kupima watoto. Lakini haya imemfumba macho. Aogopa benchi la akina mama wanaonong'ona. Aogopa kukemewa mbele ya watu kwa kuwa amechelewa. Basi hukaa nyumbani, na mtoto ndiye alipaye.

Mtoto ana siku zake. Akizaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya kumkinga na ugonjwa wa kupooza. Katika juma la 6, la 10 na la 14 hukingwa na kifaduro, pepopunda, dondakoo na maradhi mengine. Akitimiza miezi 9 huchanjwa surua na homa ya manjano. Tazameni basi: kati ya juma la 14 na mwezi wa 9 yapita miezi 5 na zaidi. Mtoto anenepa, acheka. Mama adhani kazi imekwisha. Hapo ni rahisi kusahau. Nasi twaijua surua: ilipoenea nchini mwetu tangu mwaka 2019, hata mwanzo wa 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo.

Wewe binti uliye mama, kuchelewa si kupotea. Ukikosa siku yako, nenda siku ifuatayo; chanjo huendelea pale zilipoachwa. Kadi imepotea? Nenda hata hivyo. Kama una dhambi, kitubio kipo. Lakini mtoto wako si dhambi: ni mtu, ameumbwa kwa sura ya Mungu.

Nanyi wazazi, mwadhani kwamba kumtenga binti ni kulinda heshima ya ndoa? Heshima gani italindwa na kaburi la mtoto? Nanyi Wakristu wa shirika, mlishangilia mtoto alipobatizwa; furaha ile isikome mlangoni mwa kanisa. Mama mmoja mwenye umri na aende na binti huyo, ambebee mtoto njiani, aketi karibu naye benchini, akumbuke pamoja naye tarehe ya kurudi. Hiyo ndiyo kazi ya malaika wa Hagari, nayo yaweza kufanywa na kila mmoja wetu juma hili.

Bikira Maria, uliyemkimbiza Mwanao mpaka Misri ili aishi, uwaombee mama hawa wachanga na watoto wao. Amina.