Je, Yafaa Mkristo Kuandika Hadithi za Mapenzi?



Vijana kadha wa kadha wa huku Ifakara wameniuliza swali hili, na baadhi yao wamekwisha kujaza madaftari. Wazee wengine hujibu upesi, "Haifai." Walakini Maandiko yenyewe hayaoni haya. Kitabu cha Ruthu chasimulia habari za mjane aliyeokota masuke shambani mwa Boazi, naye akaolewa. Wimbo Ulio Bora wasifu mapenzi. Hata dhambi ya Daudi na Bathsheba haikufichwa. Basi neno la kuuliza ni hili: mtu aandikeje asitende dhambi?

Wengi hudhani hatari yote i katika amri ya sita, Usizini. Mimi naona amri ya nane hutuangusha zaidi: Usimshuhudie jirani yako uongo. Nitaeleza kwa aibu yangu mwenyewe.

Mwajua desturi ya bonde letu. Wakati wa mpunga watu wengi huhamia mashambani, hukaa vibandani miezi mingi wakiamia ndege na kufukuza nguruwe, na wengine huwaacha watoto wa shule peke yao nyumbani. Mwaka mmoja binti aliyeachwa hivyo alipata mimba. Nilitwaa habari yake, nikabadili jina, nikawasomea vijana wa usharika. Walinisifu sana, lakini wote walimjua. Tena nilimfanya msichana mwepesi wa tamaa, ili fundisho lionekane wazi. Upweke wake, na njaa, na mwanamume aliyemletea chakula jioni, sikuyaandika. Binti akaacha kuja kanisani. Nilipokwenda kuomba radhi, mama yake alisema, "Mwalimu, ungalituuliza."

Basi, ninyi mtakao kuandika, shikeni maneno haya.

Kwanza, siri ya mtu si mali yako. Mwombe ruhusa, au ugeuze habari hata mama yake asimtambue.

Pili, andika na sababu za kosa. Mwaka 1962 Mchungaji Walter Trobisch, mmisionari Mlutheri wa Kameruni, alitoa kitabu cha barua za kijana François na mchungaji wake. Kijana alikuwa amekosa na msichana. Baadaye akampenda Cécile, na mahari ikawa kizuizi. Mchungaji hakuliita kosa lake jema, wala hakumfukuza, alimsikiliza, akamjibu. Kitabu hicho kilifasiriwa katika lugha nyingi, nami nadhani ni kwa sababu wasomaji walijiona humo.

Tatu, usidanganye mwishoni. Hadithi nyingi humalizika hivi: msichana aomba, mara aja mume tajiri mwenye gari. Mwandishi wa namna hiyo amfanya Mungu kuwa mchuuzi, apokeaye sala na kutoa waume. Dada aliyeomba miaka mingi asiolewe, akisoma hayo, atadhani amekataliwa. Je! huo si ushuhuda wa uongo juu ya Mungu mwenyewe?

Nne, juu ya kupiga chapa. Msomee kwanza mzee mmoja na binti mmoja kwa sauti. Mahali wanapopiga miayo, futa. Weka nakala ya pili kwako. Fahamu tena kwamba mpiga chapa hutwaa fedha yako na kuchapa lo lote uletalo, bali mchapishaji hulisoma, hulisahihisha, hutumia fedha yake, kisha hukupa fungu lako. Usitie sahihi mkataba usiousoma: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humpa mwandishi haki juu ya kazi yake, naye aweza kuipoteza kwa haraka ya siku moja. Ukichapa kwa fedha yako, uliza kwanza sharika ngapi zitanunua, vitabu visije vikaliwa na mchwa chini ya kitanda.

Hadithi ile nimeiandika upya. Sasa njaa imo, upweke umo, na yule mwanamume yumo. Imo sandukuni mwangu, nami nimepeleka neno kwa mwenyewe. Asipokubali, itakaa humo humo, wala sitahesabu kazi yangu kuwa bure. Maana kwa kuiandika nimemwona kama alivyo.

Bwana aithibitishe kazi ya mikono yenu.