Mawe Mazuri na Jicho la Bwana
(Marko 13:1–2)



Wanafunzi wa Yesu walikuwa watu wa Galilaya, wa kando ya ziwa. Walipotoka hekaluni huko Yerusalemu, mmoja wao alimwonyesha Bwana ukubwa wa mawe na uzuri wa majengo. Bwana alijibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Lakini someni tena mistari iliyotangulia neno hilo. Bwana alikuwa ameketi kuielekea sanduku ya hazina, akamwona mjane maskini akitia senti zake mbili. Wanafunzi waliona mawe. Bwana alimwona mjane. Hekalu lilikuwa lile lile, bali macho hayakuwa yale yale.

Hata leo watu husafiri kwenda kutazama mawe. Huko Ulaya uko mji wa Praha, mji mkuu wa Ucheki, na sehemu yake ya kale hujaa wageni. Wengi hukusanyika mbele ya jumba la zamani la baraza la mji, chini ya saa kubwa iliyotengenezwa mwaka 1410. Saa ipigapo, madirisha mawili madogo hufunguka, na sanamu za mitume kumi na wawili hupita. Kando yake sanamu ya Mauti, mifupa mitupu, huvuta kamba na kupiga kengele. Karibu yake yuko bahili na mfuko wake wa fedha, na mwingine ajitazamaye katika kioo. Nao hutikisa vichwa, kana kwamba wasema, Bado, si sasa. Mwisho jogoo huwika, madirisha hufungwa, na wageni huenda zao. Tena sanamu za mitume zionekanazo leo si zile za kwanza, maana mwaka 1945, vita ilipokuwa ikiisha, moto uliteketeza zilizokuwapo.

Hatua chache kutoka hapo, katika mawe ya uwanja, mna misalaba 27 myeupe. Tarehe 21 Juni 1621 watu 27 waliuawa mahali hapo kwa amri ya mfalme Ferdinand wa Pili, baada ya jeshi lao kushindwa mwaka 1620 katika vita vya Mlima Mweupe. Walikuwa wameasi, mambo ya utawala na mambo ya imani yalichanganyika. Lakini karibu wote walikuwa Waprotestanti waliotaka uhuru wa ibada. Mgeni aliyeinua shingo kuitazama saa aweza kuikanyaga misalaba hiyo asijue.

Katika uwanja huo huo imesimama sanamu ya Jan Hus. Tangu mwaka 1402 alihubiri katika nyumba ya ibada iitwayo Betlehemu, iliyojengwa ili watu wahubiriwe kwa Kicheki, lugha ya mama zao. Tarehe 6 Julai 1415 alichomwa moto huko Konstanz, kwa kuwa hakukubali kuyakana mafundisho yake pasipo kuonyeshwa kosa katika Maandiko. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 1915, miaka 500 baada ya kufa kwake. Katika Mathayo 23 Bwana anawaonya wanaoyapamba makaburi ya manabii. Ni rahisi kumjengea shahidi sanamu. Ni vigumu kumsikiliza angali hai.

Baada ya mauaji yale ibada ya Waprotestanti ilikatazwa katika nchi ile. Wengi walikimbia, wengine waliomba kwa siri. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walianza kujenga kijiji cha Herrnhut katika Ujerumani. Kutoka kijiji kile Injili ilipelekwa mbali, na mwaka 1891 wamisionari wao walifika Rungwe, mwaka ule ule walipofika katika nchi ile wamisionari wa Berlin, wa Kilutheri kama sisi. Machoni pa watu mbegu ile ilikuwa imekanyagwa uwanjani; Bwana alikuwa akiitunza.

Sisi nasi twajenga. Twachanga fedha za bati na kengele, nayo ni kazi njema. Lakini mgeni akija usharikani, twamwonyesha nini? Twamwonyesha mnara. Na yule mjane, ambaye tangu kuzikwa kwa mumewe hakuna mzee aliyebisha hodi mlangoni pake? Labda jina lake limesomwa mbele ya watu pamoja na wasiotimiza sadaka, wala hakuna aliyeuliza amekula nini jana. Hapo tumeikanyaga misalaba, huku macho yetu yakiangalia juu.

Ninyi walimu wa Injili, na ninyi wazee wa kanisa, mwezi huu, kabla ya kuhesabu matofali, nendeni kwake. Msiende kudai. Ketini naye, msikilizeni, ombeni pamoja naye, kisha mtendeeni lililo haki. Msitikise vichwa kama yule bahili na kusema, Bado, si sasa. Kengele ya Mauti haitungoji sisi, wala haimngoji yeye.

Ee Bwana, uliyemwona mjane kati ya mawe makubwa, utupe macho yako. Amina.