Ndugu Mpaka Saa Nane

Vyuo vikuu vingi hapa Kenya vina ushirika wa Kikristo wa wafanyakazi. Watu hukutana mara moja kwa wiki saa ya lanchi, kwenye darasa lililo wazi, wakaimba kidogo, wakaomba, kisha wakajadili kitabu. Humo ndani hakuna Profesa wala Daktari. Kuna Ndugu na Dada, na Bwana asifiwe. Ikifika saa nane, Ndugu anarudi kuwa mkuu wa idara na Dada anarudi kuwa yule wa kuleta chai.

Sasa, huo undugu wa saa moja ni kitu gani hasa?

Sipendi jibu la haraka kwamba ni unafiki. Karani akimsahihisha mhadhiri juu ya aya ya Biblia na mhadhiri akashukuru, hilo ni jambo kubwa. Kwenye mkutano wa idara karani huyo hata hafungui mdomo. Shida ni kwamba saa nane ikigonga, mmoja tu ndiye anayelazimika kukumbuka nafasi yake. Yule mwingine hakuwahi kuipoteza.

Ningekuwa mimi ndiye ninayechagua cha kusoma, ningeweka kando vile vitabu vya uongozi na kuleta Waraka kwa Filemoni. Una mistari 25 tu. Unaumaliza kabla chai haijapoa. Paulo, akiwa kifungoni, anamwomba Filemoni ampokee Onesimo si kama mtumwa tena bali kama ndugu mpendwa. Na barua yenyewe haendi kumnong'oneza Filemoni peke yake. Anawataja pia Afia, Arkipo na kanisa linalokutana nyumbani kwa Filemoni. Yaani habari za bosi na mtumwa wake zinawekwa mezani mbele ya ushirika wote. Halafu anaingia kwenye pesa: kama kuna deni, atalilipa yeye.

Lakini barua hiyo hiyo inategemea inasomwa na nani, mbele ya nani. Mwaka 1833 huko Georgia, Marekani, mhubiri Charles Colcock Jones, aliyesomea Princeton na ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, aliwahubiria watumwa kutoka Filemoni. Akasifu utii, akalaani kutoroka. Yeye mwenyewe aliandika kwamba nusu ya wasikilizaji waliinuka wakajiendea zao, na wengine wakasema hakuna waraka wa namna hiyo kwenye Biblia. Elimu Jones alikuwa nayo tele. Kilichomfungia maana ni mahali alipokuwa amekaa, na waliomfungulia walitoka mlangoni.

Ndiyo maana naona kwamba nani yuko kwenye mjadala si suala la ukarimu tu. Linaamua kitabu kitasema nini. Wahadhiri wana UASU, wafanyakazi wengine wana KUSU na KUDHEIHA, kila kundi na mgomo wake. Na kuna vyuo vilivyokabidhi usafi kwa kampuni za nje, kwa hiyo mama anayepanga viti vya ibada huenda hata hahesabiwi kuwa mfanyakazi wa chuo. Ushirika ni wa wafanyakazi; yeye ni wa kampuni. Anapanga viti, anatoka.

Wataniambia ibada si chama cha wafanyakazi, na kwamba hata profesa anahitaji mahali pa kupumua bila kuletewa malalamiko. Kweli, anahitaji. Ila Filemoni pia alikuwa nyumbani kwake, pengine amepumzika, barua ilipobisha.

Basi isomwe, na isomwe kwa Kiswahili, saa ambayo mama wa viti anaweza kukaa kwenye kimojawapo. Aulizwe wa kwanza amesikia nini. Akisema mshahara wa mwezi juzi haujaingia, mwenye kuongoza asimwambie warudi kwenye mada.